Mgongo kwa Mgongo na Dada wa Kamera

Alikuja kijiweni kwetu asubuhi moja, kijiwe cha Kigera, mbele ya duka la mabati, na mimi nikadhani anataka kupelekwa harusini. Sote tulimjua kwa sura. Ndiye aliyekuwa anapiga video za harusi na kipaimara karibu mji mzima wa Musoma. Alikuwa mwanamke mrefu, wa rika la dada yangu mkubwa, raba miguuni, sketi ndefu ya jinzi, na kamera ameifunika kwa kitenge kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Waendesha bodaboda wenzangu walimwita kwa mikono, kila mmoja akigonga kiti cha pikipiki yake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nakaza mnyororo. Akaja kusimama kwangu.

"Nipeleke Butiama," alisema. "Lakini nitakaa kinyumenyume."

Nilisimama nikifuta mikono.

"Kinyumenyume vipi, dada?"

"Wewe utatazama mbele, mimi nitatazama nyuma. Mgongo kwa mgongo."

"Utaanguka."

"Basi nifunge."

"Nikufunge na nini?"

"Na hiyo unayofungiaga kreti za soda."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika, alisubiri tu wamalize. Halafu akawageukia wawili wao akawaomba watufuate kwa nyuma mpaka Butiama. Hakuwaomba wavae vizuri. Mmoja alipotoa kitambaa aanze kufuta helmeti, alimzuia. "Iache na vumbi lake," alisema. "Na usiniangalie mimi. Endesha kama unavyoendeshaga siku zote."

Nikamfunga. Ile mipira inayokatwa kwenye tairi za ndani niliizungusha kiunoni kwake, ikaja kiunoni kwangu, nikaivuta mpaka nikahisi mifupa ya mgongo wake kwenye wangu. Kitenge kikatoka, kamera ikakaa begani. Tukaondoka.

Barabara ya kutoka Musoma mpaka Makutano nilikuwa naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda chooni kwetu. Najua wapi ng'ombe hukatiza, wapi polisi husimama, wapi lami imebonyea. Lakini siku ile niliendesha kama niliyekabidhiwa yai. Nilikuwa sioni anachokiona yeye. Nilichokuwa nacho ni mgongo wake tu. Tulipopita mashamba ya mihogo nikahisi amenyamaza kwa namna fulani, pumzi imesimama, mbavu hazisogei. Nikatuliza mwendo bila kuambiwa. Baada ya muda pumzi ikatoka ndefu, na mgongo ukalegea.

"Umejuaje?" aliniuliza, akipaza sauti juu ya upepo.

"Nini?"

"Kwamba nilikuwa nataka utulie."

Tokea siku ile nikawa ndiye ninayembeba, na sikuwahi kuendesha mtu mwingine kwa makini namna ile.

Tulikunywa chai Butiama, kwenye kibanda kilicho karibu na nyumbani kwao, maana alikuwa mtoto wa pale, Mzanaki. Nilimuuliza kwa nini ameacha harusi akaja kuhangaika na sisi, watu ambao hata kwenye benki walinzi hututazama mara mbili. Alikuwa anapuliza chai. Akanieleza kwamba kitinda mimba wao alikuwa mwendesha bodaboda, na kwamba aligongwa na lori upande wa Bunda.

"Msibani mtu akiulizwa marehemu alikuwa anafanya kazi gani, anajibu, 'Alikuwa bodaboda,'" alisema. "Halafu wananyamaza. Kama vile hiyo ndiyo sababu ya kifo. Mimi nina mikanda ya maharusi wa watu imejaa kabati, na mdogo wangu sina hata sekunde moja akiwa kwenye pikipiki yake. Akipita mtaani nilikuwa nasikia honi tu, nasema, haya, huyo amepita."

Akamaliza chai yake, akarudi kwenye pikipiki, akanigeuzia mgongo nimfunge.

Tulifanya hivyo mwaka ule wote, siku ambazo hakuwa na harusi. Aliwarekodi wenzetu wakivuka daraja wamebeba magodoro, wakibeba wagonjwa, wakibeba mbuzi aliyefungwa miguu anayetazama mandhari kama abiria mwenye nauli yake. Alimrekodi mwenzetu mmoja wa kijiweni, mwenyeji wa Kiriba, akimshusha bibi kizee mlangoni, akizima injini, akimshika mkono mpaka ndani, na kutoka ameshika muhogo wa kuchemsha. Yule jamaa mimi nilikuwa namjua kwa ugomvi. Miaka yote tuliyokaa naye kijiweni sikuwahi kujua kwamba anafanya hivyo kila Jumanne.

Kibara alipajua kwa bahati. Alialikwa harusi huko, ng'ambo ya Bunda, kwenye mji wa wavuvi, na baada ya ibada akatoka nje ya kanisa kupumzisha macho. Ziwa lilikuwa limechafuka. Akaona mtu amesimama juu ya maji. Ndivyo alivyoniambia aliporudi, akiwa hajavua hata raba: "Nimeona mtu amesimama juu ya maji, anakuja nchi kavu."

Nilimwambia ni harusi imemchosha.

"Twende kesho," alisema.

Ni safari ndefu kwa pikipiki, Musoma mpaka Bunda, halafu kuiacha lami na kula vumbi mpaka Kibara. Siku ile nayo nilimfunga kinyumenyume, begi la kamera tumboni.

Ilikuwa kweli. Pale Kibara kulikuwa na mafundi wa mitumbwi, vijana wenye ndevu changa na wengine wenye wake na watoto. Siku za upepo mkali mbao haziwezi kupigwa lami wala mitumbwi haiwezi kushushwa. Siku hizo walichukua ubao wa ubavu wa mtumbwi uliokufa, wakaulainisha kwa randa, wakauchonga ncha. Walitembea nao majini mpaka kifuani, wakageuka, wakangoja wimbi. Watoto wa ziwani wote hulalia ubao na kusukumwa na maji, hilo si jipya. Lakini hawa walikuwa wanasimama. Wimbi likija linawainua, na mtu anainuka juu yake taratibu, magoti yamekunjika, mikono imelegea, anateleza mpaka ubao unagusa mchanga, anashuka kama mtu anayeshuka ngazi. Mmoja wao alikuwa amekaa juu ya jiwe kubwa akitazama maji. Kazi yake ilikuwa kuangalia mamba. Zamu yake ikiisha anashuka, mwingine anapanda.

Mimi nimezaliwa Musoma, maji nimeyaona tangu nafumbua macho, na sikuwahi kufikiria kwamba ziwa linaweza kumchukua mtu namna ile, kumbeba na kumrudisha. Nilisimama pale na helmeti mkononi.

Dada alivua raba.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye maji."

"Na kamera?"

Hiyo siku ya kwanza kamera haikuingia. Alisimama tu ndani ya maji pamoja nao, mpaka kiunoni, sketi imemvimbia, akiangalia. Tuliporudi Musoma alienda kwa fundi wa madirisha ya alumini, akachukua ndoo ya rangi yenye mfuniko, akaomba itobolewe kitako na kubandikwa kioo. Kamera ikakaa ndani, imezungushiwa taulo. Fundi alimuuliza anataka kuchota nini kwa ndoo yenye dirisha. Alimjibu, "Mawimbi."

Tuliporudi Kibara na ndoo ile wale vijana hawakumcheka. Walikaa chini wakaikagua, wakagonga kioo, mmoja akaenda kuleta lami ya mitumbwi akaongeza pembeni. Mkubwa wao alimwambia, "Dada, wimbi usilikimbie. Ukilikimbia linakukamata mgongoni. Livuke kwa chini." Akamwonyesha namna ya kushika pumzi na kuzama.

Nilikuwa juu ya jiwe na mtu wa mamba. Kazi sikuwa nayo, kwa sababu mimi naogopa maji, lakini sikuweza kukaa chini. Aliingia mpaka mabegani, ndoo imeelea mbele yake, mikono imeikumbatia. Wimbi kubwa lilikuja. Juu yake alikuwa yule mkubwa wao, amesimama, anashuka moja kwa moja kuelekea kwa dada, na dada hakusogea. Nilimwona anainua ndoo. Halafu wimbi likavunjika na sikuona mtu.

Kulikuwa na povu tu. Ubao ulitokea peke yake ukielea ubavu. Mtu wa mamba alisimama. Mimi nilianza kuteremka jiwe bila kujua nikifika chini nitafanya nini.

Ndoo ndiyo iliyotokea kwanza. Halafu mikono. Halafu yeye, nywele zimemwagika usoni, anakohoa, na yule kijana amemshika kwapani. Kitu cha kwanza alichosema aliposimama mchangani, huku maji yanamtoka puani, ni kumuuliza kijana kama ameumia. Cha pili, alifungua ndoo. Taulo lilikuwa kavu. Akakaa chini palepale, akarudisha picha nyuma, akaangalia kwenye kile kioo kidogo cha kamera, na sisi tukamzunguka.

Tuliona wimbi kutoka chini yake. Maji ya kijani, jua limeingia ndani, na juu kabisa nyayo mbili za mtu kwenye ukingo wa ubao, na ubao unapita juu yetu kama wingu. Yule mwenye nyayo alizitazama nyayo zake mchangani, akarudi kutazama kamera.

"Rudisha tena, dada," alisema kwa sauti ya chini.

Filamu ilipokamilika aliionyesha Bunda, kwenye ukumbi wa parokia, mchana wa Jumapili baada ya misa. Madirisha tuliyaziba kwa vitenge vya akina mama wa kwaya, na mwanga uliopenya ukawa wa rangi rangi ukutani. Watu walikuja wengi, wakulima wa pamba wa vijiji vya jirani, wafugaji na fimbo zao, wavuvi waliopanda lori kutoka Kibara. Waendesha bodaboda tulikuwa nyuma, tumesimama, kama tunavyosimamaga kila mahali. Mama yangu nilikuwa nimempeleka, akakaa mbele kabisa.

Hakukuwa na mtu anayeelezea. Hakuna muziki wa kuambiwa ulie hapa au ucheke hapa. Kulikuwa na sauti ya injini, na upepo, na watu wakiongea mambo yao. Jamaa wa Kiriba akatokea ukutani mkubwa kuliko nyumba, anamshika bibi mkono. Ukumbi ukasema "aah" kwa pamoja, kwa chini, na yule jamaa, aliyekuwa amesimama pembeni yangu, akainamisha kichwa akawa anachezea kamba ya helmeti. Mzee mmoja mwenye koti, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, aligeuka nyuma akatutazama sote tuliosimama, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu. Halafu akasogea kwenye benchi akapiga nafasi kwa kiganja. "Njooni mkae," alisema.

Sehemu ya ziwa ilipofika watoto waliinama, wakidhani maji yatawamwagikia.

Mama yangu tulipotoka alikuwa na swali. "Nimekutafuta kote, baba. Mbona wewe haumo?"

Nilimwambia mimi nilikuwa namwendesha dada, yeye akitazama nyuma, kwa hiyo nisingeweza kuonekana. Akaniuliza, "Kwa hiyo njia yote ile ni wewe ulikuwa unaipita?" Nikasema ndiyo. Akanishika shavu mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya tangu niko darasa la pili.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri kwa kuiwaza njia. Nimeiendesha miaka, na sikujua kwamba nikishapita vumbi linainuka, linasimama wima, jua linaliingia, halafu linashuka polepole juu ya majani ya mihogo, na watoto wanatoka ndani ya nyumba kuja kuangalia aliyepita.

Mambo yalianza kubadilika baada ya hapo, si kwa kishindo. Kijiweni watu walianza kuwasindikiza abiria wazee mpaka mlangoni. Binti mmoja wa Bunda aliyekuwa ukumbini aliacha kuuza vocha akajifunza pikipiki, sasa ana kijiwe chake na wanawake wenzake. Kibara ndiko kulikozidi. Vijana walitoka Kigera, walitoka Majita, wakaenda kujifunza kusimama juu ya maji, na mafundi wakawa wanachonga ubao mpya kabisa kwa kazi hiyo peke yake. Siku za upepo watu hukaa ufukweni kutazama kama wanavyotazama mpira. Dada hakuwahi kusema ni yeye. Alikuwa anapiga harusi zake.

Alipoanza kukonda tulidhani ni uchovu. Halafu akawa anaenda Mwanza hospitali, anarudi, anaenda tena. Mwisho akakaa Butiama kwa mama yake, na mimi nikawa napita kila nikipata abiria wa upande ule, na mara nyingine bila abiria.

Mara ya mwisho nilimkuta amelala kwenye kitanda kilichotolewa uani, karibu na mkeka wa mihogo inayoanikwa. Laptopu ilikuwa pembeni lakini ameifunga. Mama yake aliniletea uji, akaingia ndani kutuacha.

"Kaa hapa," alisema. Nikakaa chini karibu na kichwa chake. "Nataka uniambie kitu. Ile njia yote mimi nimeiona ikienda. Kwenye pikipiki yako hata mara moja sijaiona ikija. Niambie mbele kulikuwaje."

Nilidhani anatania. Macho yake hayakuwa yanatania. Basi nikaanza. Nilimwambia ukitoka Musoma asubuhi jua linakupiga usoni mpaka unaendesha kwa kukisia. Nikamwambia kuhusu mawe yanayotokea kabla ya Butiama, yanavyokaa moja juu ya jingine, na kila siku unasema leo litaanguka. Nikamwambia mvua ya Bunda unaiona kabla haijakufikia, inakuja barabarani kwa miguu yake, na una muda wa kuchagua kusimama au kuingia. Nikamwambia watu unaokutana nao, wanavyoinua mkono kabla hata hawajakutambua. Nilisema mpaka uji ukapoa. Sikujua kwamba nina maneno hayo. Yeye alikuwa amefumba macho, na kuna wakati pumzi yake ilisimama, nikanyamaza nikingoja, ikatoka.

"Endelea," alisema.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Siku ya mazishi tulitoka Musoma na Bunda, wengine walitoka mbali zaidi, pikipiki zimejaa barabara. Wale wa Kibara walikodi lori. Honi hatukupiga. Tulipofika njia panda ya kwao, mkubwa wa waendesha bodaboda wa Bunda alishuka akasema hapa tuzime, mama mtu asije akasikia ngurumo akamkumbuka na yule kitinda mimba wake. Tukazima. Tukasukuma pikipiki kwa miguu ule mlima mdogo mpaka kwao, kimya, tumeinama, jasho linatudondoka kwenye tangi. Hakuna kilichosikika ila minyororo na viatu kwenye changarawe. Waombolezaji waliokuwa chini ya turubai walianza kusimama, mmoja, halafu wengine, bila mtu kuwaambia. Nilikuwa karibu na mbele. Nilimwona mama yake anatoka mlangoni akiwa ameshikiliwa, anautazama ule mstari unaopanda ambao mwisho wake hauonekani, na akawaambia waliomshika wamwachie asimame mwenyewe.

Baada ya mwaka mama huyo alinipigia simu. Alitaka kwenda Kibara. Nilimwambia nitamtafutia kiti kizuri kwenye basi.

"Nataka pikipiki," alisema. "Nipite njia yake."

Ni mtu mzima, na njia ni ndefu. Tulienda kidogo kidogo, tukalala kwa dada yangu Bunda, kesho yake tukaendelea. Alikaa upande, khanga ameifunga kichwani, mkono mmoja begani kwangu. Hakulalamika hata kwenye vumbi.

Kibara tulikuta upepo. Vijana walimtambua nilipowaambia ni nani, wakaja wakiwa wamelowa, mbao zao kwapani, wakamwamkia mmoja mmoja kwa kuinama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu." Wakamtandikia turubai mahali pakavu, wakarudi majini. Alikuwa hajawahi kuona ziwa kwa karibu hivyo. Aliwatazama wakiinuka juu ya mawimbi na kuja, wakiinuka na kuja. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

"Na yeye aliingia humo?" aliniuliza.

"Aliingia, mama. Mpaka mabegani."

"Na hajui kuogelea."

Hilo mimi nilikuwa silijui. Nilimgeukia, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anayatazama maji. Akaomba asogezwe mbele kidogo. Tukalivuta turubai, akakaa, akanyoosha miguu, na tukabaki pale mpaka upepo ulipotulia na wale vijana wakaanza kutoka.